Gitaa la Umeme Katika Nyumba ya Mama

Mama hakutazama gitaa. Alitazama waya. Nilikuwa nimetoka Kipushi na gitaa mgongoni na ampli mkononi, lile sanduku la kukuza sauti, nimechoka, vumbi la malori ya madini limenijaa hadi kwenye nyusi, na nilitaka mtu mmoja tu aniambie kuwa ni zuri. Yeye akauinua waya mweusi wa ampli kwa ncha ya mwiko, akaufuata mpaka kwenye plagi, akauachia.

"Hii kintu inakulaka courant?"

"Njo gitare ya courant, mama. Nilikuambia."

"Uliniambia gitare. Courant haukuniambia." Akaurudisha mwiko jikoni, akaja mikono mitupu, akasimama mbele yangu. "Sikia muzuri. Siku itakupiga, hata kidogo, hata ku kidole kimoja, inatoka mu hii nyumba. Kama haitoke yeye, natoka mi."

Hakuwa anatania. Kaka yangu alifia katika nyumba hiyo, jikoni, mkono ukiwa kwenye mlango wa friji na miguu mitupu juu ya sementi aliyokuwa ametoka kuipiga deki. Mimi nilikuwa shuleni. Mama ndiye aliyesikia friji ikinguruma kwa namna isiyo ya kawaida, na ndiye aliyemkuta. Siku za kilio watu walisema mengi: jirani mwenye wivu, shangazi fulani aliyebaki Kasai, dua fulani ambayo hatukuiomba. Mama hakulishika hata moja. Alichoshika ni kwamba umeme, hiyo courant, unaua, basi. Friji ikauzwa. Pasi ikawa ya makaa. Swichi za taa akaanza kuziwasha kwa mpini wa mwiko mkavu, na mpaka leo wageni wanacheka wakiona, na yeye anawaacha wacheke.

Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwake na cherehani yangu ya kukanyaga kwa miguu. Hiyo aliipenda tangu siku ya kwanza. Ni chuma kizito, kelele zake anazijua, na haina shughuli yoyote na ukuta.

Gitaa nalipiga tangu usichana, katika kwaya ya parokia. Lakini gitaa la parokia hukaa kabatini na ufunguo hukaa kwa kiongozi wa kwaya, na mimi hukumbukwa wanaume wanapokosekana. Mmoja amepata kazi kwenye mgodi wa Kinsevere, mwingine amelala na malaria, ndipo kiongozi ananigeukia: "Leo mama atatuokoa." Watu wanacheka, nami nacheka, na roho inaniuma. Mwanamke wa umri wangu, mwenye mvi tayari, anaazimwa gitaa kwa nyimbo tatu kisha ananyang'anywa. Nilichoka. Siku moja nikaweka mkasi chini, nikapanda gari la Kipushi, nikaenda kwa fundi ambaye nilikuwa nimesikia habari zake.

Ni mtu wa familia ya Waislamu wa Maniema. Babu yake alitengeneza milango, baba yake vitanda, naye anatengeneza magitaa kwa mbao zilezile nyekundu za mulombwa. "Ni ya bwana yako?" aliniuliza. Nikamwonyesha ncha za vidole vyangu vya kushoto, jinsi ngozi ilivyokuwa ngumu. Akavigusa, akaomba msamaha, akachukua kamba na kuanza kuupima mkono wangu. Alilichimba gitaa tumboni ili uzito upungue, akaifanya shingo iwe nyembamba. Hata zile micro zinazokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza, alizisokota mwenyewe kwa waya wa shaba aliotoa kwenye mota zilizoungua.

Nilidhani kitu kilichopimwa kwa mkono wangu kitanikubali siku hiyohiyo. Wapi! Gitaa la parokia nyuzi zake zimekaa juu sana, lazima uzikandamize kama unayemshika kuku asikimbie. Hili jipya ukilikandamiza hivyo sauti inapanda na kutoka nje ya wimbo. Nilikuwa nasikika kama mtu anayelia kwa kujifanya. Tena sisi tunaopiga mi-solo, ile sehemu inayokaa katikati ya gitaa la kwanza na lile la kusindikiza, huwa tunautoa uzi mnene wa nne na kuweka mwembamba mahali pake, ili ulie juu pamoja na wenzake. Nilipofanya hivyo, uzi mwembamba ukawa unachezacheza ndani ya mfereji uliochongwa kwa ajili ya uzi mnene. Nikautilia uzi wa kushonea chini yake, mara mbili, mpaka ukatulia. Nilikasirika, nikalitukana, nikaliomba radhi, nikaanza tena.

Shida kubwa ilikuwa mngurumo. Ukiliwasha tu, kabla hujapiga chochote, gitaa lilikuwa linanguruma chinichini. Ukigusa nyuzi, linanyamaza. Mwanzoni jambo hilo lilinifurahisha, nikaona ni kama linanisubiri. Mama alikuwa uani anachambua mboga. Akaja na majani mkononi, akasimama mlangoni.

"Inanguruma."

"Nikiishika inanyamaza. Ona." Nikaweka kiganja juu ya nyuzi, pakawa kimya. Nikatoa, mngurumo ukarudi. Nikaweka tena.

Mama alikuwa anautazama mkono wangu. "Ile sauti naijua," akasema, na nikajua ni sauti ipi. Nikazima ampli.

Jumamosi moja, masika yamekolea, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilikuwa nimepiga deki chumba ninachoshonea, na mama alikuwa ameenda sokoni. Mara mtaa mzima ukalipuka kwa kelele za watoto, "Courant imerudia!", na mimi bila kufikiri nikavua kandambili zilizoloa, nikachomeka ampli, nikashika gitaa. Nilihisi kitu kwenye vidole, kama wadudu wadogo wanatembea chini ya ngozi. Nikasema ni baridi. Nikaendelea, na kwa mara ya kwanza vidole vyangu vikaanza kulielewa, vikawa vyepesi, mi-solo ikakimbia yenyewe. Nikajisahau, nikainama kuusikia uzi wa nne, kiwiko changu kikagusa chuma cha cherehani.

Sikulia. Mdomo ulifunguka lakini haukutoa kitu. Mkono ulirushwa kutoka kwenye nyuzi na kugonga ukuta, na nikabaki nimesimama katikati ya chumba, gitaa linaning'inia shingoni na kunguruma. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, na nilimwona kaka yangu. Kisha nikamsikia mama akifungua geti, nikachomoa waya ukutani na kukaa kwenye cherehani, nikaanza kushona kipande cha kitambaa ambacho hakikuwa cha mtu yeyote.

Ningemwambia, gitaa lingetoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilificha. Nikawa navaa viatu vya raba ndani ya nyumba. Nikaisogeza cherehani hadi dirishani. Nikapiga tu siku sakafu ikiwa kavu, na viwiko nimevibana mbavuni kama mtu anayesikia baridi. Huwezi kulijua gitaa namna hiyo. Kila nilipoanza kulegea nilikumbuka, na nikikumbuka vidole vinakuwa vigumu, na vidole vikiwa vigumu sauti inapanda na kutoka nje ya wimbo.

"Juu ya nini unavalaka soulier mu nyumba sawa muntu wa safari?" mama aliniuliza.

"Miguu inaniuma."

Akatazama viatu. Akatazama waya. Mimi nilijiona mwongo mbele ya mtu anayejua.

Mara ya pili mama alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake kifupi karibu na mlango. Sijui ni kitu gani kilichomfanya aje kukaa pale. Alisema anataka kusikia ule wimbo wa Ekaristi. Ningemkatalia vipi? Nikaupiga vizuri, nikaona kidole chake cha mguu kinafuata mapigo, nikafurahi kupita kiasi. Nikanyoosha mkono kufunga dirisha kwa sababu mvua ilikuwa inaingia, na mkono mwingine bado ulikuwa kwenye nyuzi. Vyuma vya dirisha vilikuwa vimeloa. Safari hii nilipiga kelele.

Mama alikuwa amesimama tayari. "Nini?"

"Sindano. Sindano imenichoma. Ilikuwa ku nguo."

"Leta kidole."

Nikampa. Akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, polepole, akitafuta damu. Hakukuwa na damu. Nikakibana kwa kidole gumba, nikitamani tone moja tu. Mwishowe akakiachia. "Sindano ya namna gani haitoe damu," akasema, akaenda jikoni.

Kesho yake nilibeba gitaa na ampli, nikaenda Kipushi. Fundi alikasirika kabla sijamaliza kueleza. Akalifungua gitaa mbele yangu, akavuta kila waya, akachomeka ampli yangu kwenye karakana yake, akavua viatu, akashika nyuzi kwa mkono mmoja na bomba la maji kwa mkono mwingine. Nilifumba macho. Alipoona nimefumba, akacheka.

"Gitare yangu haipige muntu, dada. Hapa haipige. Kwenu njo inapiga. Prise ya kwenu iko na kachuma kanatokea mbele?"

Nikafikiri. Nyumba yetu ni ya zamani, ilijengwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi, na soketi zake zote zina kile kijiti cha chuma kinachochungulia katikati. Nikamwambia ndiyo.

"Basi kuko waya yenye kushuka mu udongo. Courant yenye kupotea, badala ya kupita mu muntu, inapita pale, inaenda mu udongo, inaisha. Ile waya ya kwenu imekatika. Tafuta kwenye inaingia mu udongo. Ukiirudisha, utapiga gitare miguu mitupu mu maji."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naimba. Niliona nimeshinda: sitaficha tena, nitamweleza mama yote, nitamwambia kosa si la gitaa. Nikaiacha mizigo barazani, nikazunguka nyuma ya nyumba. Haikuchukua muda kuona. Chini ya dirisha la jikoni kulikuwa na bomba jembamba la chuma lililotoka ukutani na kuelekea chini, nami nilikuwa nimelipita maisha yangu yote bila kuliuliza kitu. Ndani yake kulikuwa na waya wa shaba, umekatwa sawa na mdomo wa bomba. Nikachukua jembe, nikaanza kuchimba ili niupate upande wake wa pili.

"Unatafuta nini pale?"

Mama alikuwa nyuma yangu na beseni la nguo.

"Waya, mama. Inashukaka mu udongo hapa. Fundi anasema—"

"Haiko."

"Anasema lazima iko."

"Ule fundi hakukuwa hapa." Akaweka beseni chini. "Haiko. Mi njo niliichimbaka."

Nikasimama na jembe mkononi. Akaanza kunieleza bila haya yoyote, karibu kwa kujisifu. Ulikuwa ule mwaka ambao kazi ya baba ilisimama na mshahara haukuja tena. Watu wote wa mtaa walichimba. Mtu mmoja aligundua kuwa nyuma ya kila nyumba kuna shaba imelala, nene, safi, na wanunuzi walikuwa wanapita na mizani yao kila asubuhi. Baba aliona aibu, hakutaka kushika jembe. Akachimba yeye.

"Ilikuwa waya tu, ililala mu udongo, haikuwa inafanya kintu. Tulikula nayo mwezi. Na bile bisoulier byako byeupe bya communion, njo ile waya." Akatabasamu. "Ulijua bilitoka wapi?"

Sikujua. Vile viatu vya Komunyo ya kwanza nilivivaa nikijiona malkia. Nilikuwa navyo bado, vimenibana, mwaka aliokufa kaka yangu.

Sikutaka kufikiri, lakini fikra zilikuwa zimeshafika. Friji. Sakafu yenye maji. Umeme unaotafuta pa kupita. Nilishika mpini wa jembe kwa nguvu nikatazama kile kishimo, kwa sababu nikimtazama usoni angeona. Na yeye, kwa udadisi tu wa mtu anayekumbuka jambo la zamani, akauliza:

"Ilikuwa ya nini, ile waya?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nimelibeba kutoka Kipushi nikiimba.

"Ya radi," nikasema. "Wazungu baliogopaka radi."

"Eh! Radi." Akatikisa kichwa. Kisha akageukia baraza, akaliona gitaa. "Na gitare? Fundi alisema je?"

"Iko na kosa. Ilinipiga, mama. Haikuwa sindano."

Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyekuwa akingojea habari na sasa imefika. Hakunigombeza. "Nilijua," akasema tu. Jioni hiyohiyo gitaa likatoka, kama alivyokuwa amesema. Nililipeleka kwa jirani yetu mmoja, fundi wa umeme, nikamwomba alitunze, na nikamwomba kitu kingine pia.

Wakati mama yuko kwenye misa ya asubuhi, tulisimika nguzo ya chuma nyuma ya nyumba, pale chini ya dirisha la jikoni. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imelegea siku nyingi na mama alikuwa ameilalamikia kila wiki. Kando ya nguzo, ndani ya shimo lilelile, jirani akapigilia fimbo ya shaba hadi ikazama yote, akafunga waya mpya, akauunga na ule wa ukutani kwenye mdomo wa bomba. Tukafukia. Mama aliporudi alikuta kamba imenyooka, akanibariki.

Baadaye nilirudisha gitaa. "Fundi alitengeneza?" aliuliza. Nikasema alitengeneza. Sikuweza kuvumilia, nilivua viatu palepale, nikamwaga kikombe cha maji chini ya miguu yangu mbele yake, nikashika nyuzi, nikaegemeza kiwiko kwenye cherehani. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa. Hakuna kitu. Hata ule mngurumo ulikuwa umepungua hadi ukawa pumzi. Nikapiga mi-solo kwa vidole vyepesi kuliko nilivyowahi kupiga, na nilipomaliza alikuwa bado mlangoni, amekunja uso, anawaza. Hakunisifu. Nikadhani ni woga wa zamani.

Siku ya kufua nilikuwa nakata kitambaa kwenye meza ya jikoni, karibu na dirisha. Nilimwona anaanika mashuka kwenye kamba mpya. Mvua ya usiku ilikuwa imekula udongo chini ya nguzo, na kipande cha waya, kijani na njano, kilikuwa kimejitokeza. Mama aliacha shuka. Akauangalia ule waya, akaufuata kwa macho hadi kwenye bomba, akalifuata bomba hadi ukutani, hadi kwenye dirisha la jikoni. Alikaa hapo akitazama dirisha, na nyuma yake mahali friji ilipokuwa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo na mkasi mkononi, sikuthubutu kusogea.

Kisha akaniita. Nikatoka na futi ya kupimia shingoni. Hakunitazama, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Hii," akasema, "hakuna muntu ataichimba."

"Hapana, mama. Hakuna."

Akapiga magoti kwenye tope, na kitenge chake kisafi, akaanza kurudisha udongo juu ya waya kwa mikono, anaupigapiga kwa kiganja, anaongeza mwingine. Waya ulikuwa umeshafunikwa na yeye bado anaongeza. Nikapiga magoti upande wa pili, nikaongeza wangu.